Je, wajua kwa nini filamu ya kutisha haimtishi aliyeitengeneza?

Mwanafunzi anayehariri filamu fupi ya kutisha ameshauona ule mkono ukitokea nyuma ya pazia hadi umemchosha. Anajua ni mkono wa nani, na anajua umepaushwa kwa unga wa ngano. Kwa kuwa yeye haogopi tena, anadhani kipande kimepwaya. Basi anaongeza kishindo, anarefusha kimya, au anafuta kabisa kitu ambacho kingemtoa mgeni roho.

Sababu iko mwilini. Mtu akishtuliwa, kope hufumba na mabega hupanda kabla hata hajaelewa kilichotokea. Mshtuko uleule ukirudiwa, mwili huuzoea. Ile hofu nyingine, ya kusubiri, huishi kwa kutojua. Aliyeandika, akapiga picha na kuhariri anajua kila kitu, kwa hiyo hana budi kuazima macho ya wenzake.

Hata wakubwa huazima. Steven Spielberg alipowaonyesha watazamaji wa majaribio Jaws, filamu yake ya papa ya mwaka 1975, walipiga mayowe papa alipochomoza nyuma ya mashua. Akatamani yowe moja zaidi. Akapiga upya tukio la kichwa cha maiti kinachotokeza kwenye tundu la mashua iliyozama nusu, tena katika bwawa la kuogelea la mhariri wake, Verna Fields, maji yakitiwa maziwa ya unga yapate ukungu wa bahari. Yowe akalipata. Ila papa naye sasa hakushtua kama mwanzo, maana watu walikuwa wameshajihami! Mshtuko mmoja ulikuwa umemla mwenzake, na hilo huligundui ukiwa peke yako mbele ya kompyuta.

Kwa wanafunzi wenzako, swali la "imekutisha?" halisaidii sana. Rafiki atakubali ili asikuvunje moyo. Afadhali ukae pembeni uwatazame wao, usitazame skrini. Nani amechukua simu, na ilikuwa dakika ya ngapi? Kicheko kinachofuata yowe ni pumzi inayoshuka, kiache. Kinachotangulia tukio ndicho cha kukuhangaisha, kwani wameshajua linalokuja. Taa zikiwashwa, uliza mambo yenye jibu: ulidhani nani yumo chumbani? Ulijua lini? Na usianze kujitetea. Ukieleza tu kwamba yule bibi alikufa zamani, umeshawapa kitu ambacho filamu ilipaswa kuwapa.

Wakisema mwisho haukuwatisha, usikimbilie kuukata mwisho. Rudi nyuma kidogo; huenda uliuonyesha uso wa jini mapema mno. Au walitazama kwenye simu mchana kweupe, na mlango ulipolia taratibu hawakuusikia. Filamu ya namna hii inataka giza na spika za maana, hata kama ni jaribio tu.

Aliyeshika taa siku ya kupiga picha hahesabiki kuwa mtazamaji. Na kila mwenzako ni mgeni mara moja tu: akishaiona, hawezi kukuambia tena kama inashtua. Kwa hiyo usiite darasa zima kuona toleo la kwanza. Waite wachache, rekebisha, kisha waite wengine, na waliobaki wawekee toleo la mwisho bila kuwasimulia chochote, hata jina la filamu kama linafichua siri.