Kirusi: kiumbe hai au la?

Mwaka 1935 mwanakemia wa Marekani, Wendell Stanley, alisaga majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa batobato, akayakamua na kuchuja maji yake mpaka akapata fuwele nyembamba za kirusi cha ugonjwa huo. Zilikaa chupani kama chumvi, hazili wala hazikui. Lakini ukiziyeyusha na kupaka kwenye mmea wenye afya, mmea unaugua na virusi vinaongezeka maradufu. Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1946 kwa kazi hiyo ilikuwa ya kemia, si ya tiba.

Kirusi ni kipande cha DNA au RNA, yaani molekuli zinazobeba maagizo ya urithi, ndani ya ganda la protini. Baadhi huwa na utando wa mafuta juu yake. Hakijilishi, hakipumui, hakijitengenezei nishati. Hata kuzaliana hakiwezi peke yake. Kikishaingia ndani ya seli, seli husoma maagizo yake na kutengeneza vipande, halafu vipande hivyo huungana kuwa virusi vipya. Kwa kipimo cha vitabu vya shule, basi, hakina uhai.

Wengi hutoa hoja kwamba hakina uhai kwa kuwa kinategemea seli ya mwingine. Hoja hiyo ni dhaifu. Bakteria wa klamidia nao hawazaliani nje ya seli, na hakuna anayewaita vitu visivyo hai. Tofauti ya kweli ni kwamba bakteria hao wana ribosomu zao, yaani vijimashine vya kuunda protini, na hugawanyika wenyewe.

Halafu kuna kirusi kikubwa kilichopatikana mwaka 1992 kwenye mnara wa kupozea maji huko Bradford, Uingereza, ndani ya amiba, kiumbe cha seli moja. Kilidhaniwa ni bakteria hadi mwaka 2003, kikaitwa mimivirusi. Kina jeni zaidi ya 900, zikiwemo za kusaidia kuunda protini. Ribosomu, hata hivyo, hakina.

Mwanabiolojia Mfaransa Patrick Forterre anashauri tukiangalie kirusi kikiwa kazini, ndani ya seli kiliyoiteka. Mimi naegemea huko: chembe iliyo nje haina uhai, ila seli iliyotekwa ni hai, na inafuata amri za kirusi.

Na kwa kuwa kirusi hakina ribosomu, antibiotiki ya doksisaiklini haifui dafu kwa mafua: dawa hiyo hushambulia ribosomu za bakteria, na kirusi hakina cha kushambuliwa.