Mzizi huingia bombani kwa mlango alioacha fundi

Mwezi wa Julai, nyasi zikiwa zimekauka mlimani Isamilo na Bugando hapa Mwanza, tazama uani kwako. Ukiona ukanda wa nyasi mbichi umenyooka kutoka chooni kuelekea kwenye chemba, chini yake kuna bomba linalovuja, na mwembe wa jirani umelijua kabla yako.

Wengi husema mizizi imevunja bomba. Mara nyingi bomba ndilo lililotangulia kuharibika. Bomba zima lisilotoa unyevu halina cha kuuvuta mzizi. Maungio yakivuja, mzizi mwembamba kama uzi hupenya, hukuta maji na mbolea ndani, kisha hutawanyika kama ndevu. Ndevu hizo hunasa mafuta ya jikoni, nywele na karatasi, choo kikaanza kushusha maji kwa kusuasua. Kupasuka huja baadaye, mzizi unaponenepa kwenye ule upenyo.

Huku kwetu mawe huongeza tatizo. Udongo juu ya mwamba ni haba, kwa hiyo mzizi hauwezi kushuka. Huenda ubavuni, na mtaro wa bomba wenye udongo uliolegea ndiyo barabara yake. Tena fundi akilaza bomba juu ya jiwe, uzito wa kifusi hulikandamiza hapo hapo hadi lipate ufa. Chimba sentimita 10 kupita kina unachotaka, tandika mchanga, laza bomba, kisha lifunike kwa mchanga mwingine wa sentimita 10 hadi 15 ndipo urudishe udongo. Mawe yasirudi mtaroni. Bomba la inchi 4 lipe mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita.

Adui mkubwa kuliko mkuyu wowote ni soketi ya moto. Fundi huchoma mwisho wa bomba, huutanua kwa kuusukumia bomba jingine, na wewe unaambiwa umeokoa hela ya soketi, yaani kiungio cha dukani. Ukuta uliotanuliwa huwa mwembamba, haulingani pande zote, na gundi haiwezi kujaza pengo. Nunua soketi. Kata bomba kwa msumeno, mwisho wake usiwe mshazari, ondoa makapi kwa tupa, sugua kwa msasa, futa vumbi na maji. Weka alama ya kina cha soketi juu ya bomba, paka gundi pande zote mbili, sukuma hadi kwenye alama huku ukizungusha robo mzunguko, shikilia nusu dakika. Kupaka gundi kwenye bomba lenye umande ni kupoteza gundi.

Mlango wa pili ni pale bomba linapoingia kwenye chemba. Saruji haishiki plastiki laini; baada ya muda huachia, na mwanya mdogo huzunguka bomba lote. Dawa yake ni rahisi: paka gundi ya bomba kwenye sehemu itakayokaa ukutani, nyunyizia mchanga mkavu wenye chembe kubwa, acha ikauke, ndipo ujengee kwa saruji moja na mchanga tatu. Chemba yenyewe ipigwe lipu ndani, kwani mizizi hupita kwenye maungio ya tofali pia.

Kuhusu miti, mkuyu, fikasi na mkaratusi iwe mbali na bomba, mita 10 na zaidi. Mwembe mita 6 angalau. Mpapai au mlimau mita 3 zinatosha. Mti ukiwa umeshakua, usikimbilie shoka: mti wa mlimani uliokatwa mizizi minene upande mmoja huweza kuangukia nyumba upepo wa ziwani ukivuma. Weka kizuizi cha plastiki nzito karibu na bomba kuliko shina, kishuke sentimita 60 hadi 90 au kifike kwenye mwamba, kitokeze sentimita 5 juu ya ardhi ili mizizi isikiruke. Vipande vipishane sentimita 30. Bati huoza, usilitumie.

Kuna wanaomwaga mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu, chooni. Kweli huua mizizi iliyomo bombani, lakini huweza kuua na vijidudu vinavyosaga kinyesi kwenye shimo lako, na shaba ni sumu kali kwa samaki. Mji huu unateremkia ziwani. Achana nao.

Bomba likishaziba, fungua chemba zote. Ya juu imejaa na inayofuata ni kavu? Tatizo liko kati ya hizo mbili. Tumia fito za kuzibulia, uzungushe upande wa kukaza tu, la sivyo zitafunguka na kubaki ndani. Nondo itatoboa bomba. Kukata mizizi kunakupa nafasi ya kupumua tu, maana iliyokatwa huchipua tena; kiangazi hicho hicho fukua, kata kipande chenye ufa ukiupita ufa nusu mita kila upande, uunge kipya.

Kabla ya kufukia, ziba mwisho wa chini, jaza maji, acha nusu saa. Mlimani pima kipande kwa kipande kati ya chemba na chemba, la sivyo uzito wa maji utafungua maungio mazima. Maji yakishuka, tafuta maungio yanayotoa jasho, uyakate na kuunga upya. Gundi inayopakwa kwa nje haizibi kitu.