Shira ya kokteili: maana yake, uwiano wake na namna ya kuichagua

Shira ni sukari iliyoyeyushwa katika maji. Kwenye kokteili, yaani vinywaji vya kuchanganywa vyenye pombe, hutumika badala ya sukari kavu kwa sababu sukari huyeyuka polepole sana kwenye kinywaji baridi, na pombe huzidi kuizuia. Ukimimina sukari kavu juu ya barafu, utakunywa kitu kichachu kisha ukute chengachenga zimetuama chini ya glasi.

Kinachoitambulisha shira ni uwiano wa sukari kwa maji. Shira nyepesi ni 1:1, nzito ni 2:1. Pima kwa mizani, si kwa kikombe: kikombe cha sukari kina uzito wa gramu 200 hivi, cha maji 240, kwa hiyo "kikombe kwa kikombe" hutoa shira iliyopungua utamu. Gramu 250 za sukari na gramu 250 za maji hutoa takriban mililita 400.

Pasha maji, tia sukari, koroga hadi shira iwe angavu, kisha epua. Usiiache ichemke. Maji yakitoka kwa mvuke uwiano hubadilika, na shira uliyodhani ni 1:1 inakuwa kitu kingine kabisa. Hapo ndipo kokteili ileile hutoka tamu leo na chachu kesho, na lawama ikaangukia ndimu. Shira nyepesi hata moto haihitaji: tikisa kwenye chupa yenye mfuniko kwa dakika chache, pumzika, tikisa tena.

Shira nzito inakaribia kikomo cha sukari ambayo maji yanaweza kubeba, ndiyo maana kwenye friji huweza kuganda chembechembe. Ikitokea, iweke chupa kwenye maji ya moto. Faida yake ni kwamba haizimui kinywaji sana, hivyo inafaa zaidi vinywaji vya kukorogwa vyenye pombe kali, kama Old Fashioned, kokteili ya wiski. Kwa vya kutikiswa vyenye ndimu, nyepesi inatosha. Ukibadilisha moja kwa nyingine, mililita 30 za nyepesi ni sawa na 20 za nzito. Daiquiri, kwa mfano, hukaa vizuri kwa mililita 60 za ramu, 30 za maji ya ndimu na 20 za shira nyepesi. Ndimu zikiwa kali, ongeza mililita 5 za shira.

Sukari ya kahawia huleta ladha ya molasi. Inapendeza na ramu iliyokomaa au wiski, lakini kwenye jini (gin), pombe kali yenye ladha ya mimea, hufunika harufu ya mimea hiyo, na rangi huchafuka. Asali usiitie ilivyo: ikigusana na barafu hukakamaa na kung'ang'ania chuma cha chombo. Changanya sehemu 2 za asali na 1 ya maji ya uvuguvugu. Maji yanayochemka huifukuza harufu yake. Kwa kuwa asali ni tamu kuliko sukari, anza na kidogo.

Hifadhi kwenye friji, katika chupa iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Nyepesi hukaa kama mwezi mmoja, nzito miezi kadhaa. Ikianza kuwa na ukungu wa maziwa au nyuzinyuzi zinazoelea, imwage yote, kuichuja hakuiokoi.