Eneobunge halizaliwi na kura

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi pale Zimmerman, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na mwingine bado, gari la matangazo likapita barabarani: "Jiandikisheni kura kwa wingi! Tukitimiza idadi, tunapewa eneobunge letu!" Kinyozi akazima mashine ili asikie vizuri. Shemeji yangu, aliyekuwa kwenye benchi akingoja zamu, akanigeukia. "Umesikia, shem? Na wewe ndiye mtu wa mipaka. Mbona hukutuambia mapema?"

Nimewaambia mara ngapi kwamba sivyo! Nimesema kwenye matanga, nimesema kwenye mikutano ya chama, nimesema kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako ujumbe wangu ulifuatwa na picha ya mtoto aliyehitimu chekechea na mjadala ukafia hapo. Leo naandika, ili wakati mwingine nitume kiungo na kinyozi aendelee na kazi yake.

Maeneobunge hayagawanywi kwa idadi ya wapigakura. Hugawanywa kwa idadi ya wakazi. Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 huchukua wakazi wote wa Kenya, kikawagawanya kwa 290, na kinachotoka hapo ndicho kipimo ambacho kila eneobunge linapaswa kukikaribia. Mtoto aliyezaliwa juzi Pumwani ni mkazi. Kijana anayezungushwa kitambulisho mwaka wa pili sasa ni mkazi. Mama aliyeapa hatapiga kura tena maishani ni mkazi. Wote wamo kwenye hesabu. Sajili ya wapigakura haimo kabisa. Kwenye uchaguzi wa 2022 sajili hiyo ilikuwa na watu 22,120,458, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Mwenye kudhani viti hufuata sajili amefuta zaidi ya nusu ya nchi kwa kikohozi kimoja cha kipaza sauti.

Jiandikishe, tafadhali. Utapata kura. Eneobunge hutapata.

Mipaka tunayotumia ilikamilishwa Machi 2012 kwa hesabu ya sensa ya 2009: watu 38,610,097, kipimo 133,138. Ukitumia sensa ya 2019 kipimo kinapanda hadi 164,015. Watu wamezaliwa na kuhama, maghorofa yameota hadi kwenye mashamba ya kahawa, na mistari kwenye ramani iko palepale.

Sasa tuitazame Nairobi, maana hapa ndipo kelele za lile gari zinaponikera zaidi: malalamiko yenyewe ni ya haki, sababu ndiyo ya uongo. Sensa ya 2019 ilitukuta watu 4,397,073 katika maeneobunge 17. Wastani ni watu 258,651 kwa kila mbunge. Katiba hairuhusu hivyo. Kwa majiji na sehemu zenye watu wachache waliotawanyika, eneobunge linaweza kuzidi au kupungukiwa na kipimo kwa asilimia 40. Kwingineko ni asilimia 30. Kikomo cha juu cha Nairobi kwa hiyo ni watu 229,621. Wastani wetu umeshapita kikomo, na wastani maana yake kuna walio juu zaidi ya hapo. Hata ukitujaza kama matatu ya saa kumi na mbili jioni, kila eneobunge hadi kikomo, tungehitaji maeneobunge 20. Kwa kipimo chenyewe, bila kubanwa, tungekaribia 27.

Wakati huohuo, watu 143,920 wa Lamu wana maeneobunge mawili. Gawanya upate 71,960 kwa kila moja, wakati kikomo cha chini kabisa, hata ukiwapa ile asilimia 40, ni 98,409. Lamu Mashariki ipo kwa sababu ililindwa. Katiba ilisema ukaguzi wa kwanza wa mipaka baada ya 2010 usifute eneobunge lolote lililokuwapo tayari, kwa hiyo madogo yaliyokuwa chini ya kikomo, kama Lamu Mashariki na Othaya, yaliachwa jinsi yalivyo. Neno ni hilo: ukaguzi wa kwanza. Ukaguzi unaofuata hauna kinga hiyo. Soma tena sentensi hiyo kisha ujiulize kwa nini hakuna mheshimiwa anayekimbizana nao.

Maana "tunapewa" ya lile gari ina kosa la pili ndani yake. Nani atoe? Namba 290 imeandikwa kwenye Katiba yenyewe, na tume ya uchaguzi na mipaka (IEBC) haiwezi kuongeza hata kiti kimoja. Zimmerman ikipata eneobunge lake, kuna mahali fulani maeneobunge mawili yataunganishwa na mmoja wa waheshimiwa atarudi nyumbani kufuga kuku. Nawaelewa wazee wanaodhani viti huongezeka tu, kwa sababu enzi zao viliongezeka kweli: 117 mwaka 1963, 158 Seneti ya kwanza ilipovunjwa na maseneta kuhamishiwa bunge moja, halafu 188, halafu 210. Nairobi iliingia uchaguzi wa 2007 na viti vinane. Embakasi peke yake, iliyokuwa eneobunge moja, leo ni matano. Mpango wa BBI wa kubadilisha Katiba ulitaka kuongeza 70 na kuvigawa kabisa kwa kaunti. Mahakama ya Juu ikaukataa mgao huo Machi 2022 kwa kuwa umma haukushirikishwa. Kwa hiyo tumebaki na 290.

Kuna jambo ambalo huwa silisemi kwenye matanga. Nairobi ilikuwa na wapigakura milioni 2.4 na ushei mwaka 2022, karibu asilimia 11 ya sajili yote. Kwa wakazi tuna asilimia 9 na kidogo. Kwa viti, hatufiki 6. Umeona? Kama viti vingegawanywa kwa wapigakura, Nairobi ingestahili zaidi ya 30! Ningekuwa mtu wa kuangalia tumbo langu, ningemsimamisha yule jamaa wa gari nimnunulie soda. Lakini sababu ya tofauti hiyo ni nyepesi: Nairobi ni mji wa watu wazima waliokuja kutafuta, na watoto wengi wako kwa nyanya zao. Kaunti zenye watoto wengi, au zenye watu wazima wengi wasio na vitambulisho, zingepokonywa viti kwa sababu ya umri wa wakazi wao na uzembe wa serikali. Mtoto hapigi kura, lakini darasa lake hujengwa na bajeti inayopitishwa na mbunge. Nadhani Katiba ilichagua vyema. Nasema nadhani.

Na tafadhali msiniletee kaskazini kama mfano wa upendeleo bila kupiga hesabu kwanza. Turkana ilihesabiwa watu 926,976 na ina maeneobunge sita. Hiyo ni 154,496 kwa kila moja, karibu kabisa na kipimo. Eneo la kaunti hiyo linapita kilomita za mraba 68,000, kwa hiyo kwa wastani mbunge mmoja wa huko anazunguka ardhi inayotosha kumeza Nairobi mara 16. Wa kwetu anaweza kuzunguka eneo lake kwa bodaboda kabla ya chai ya saa nne, akitaka.

Hapa ndipo ninapoanza kuyumba mwenyewe. Kile kitabu cha uraia kitakwambia kuna kipimo, kuna asilimia 30 na 40, kazi imekwisha. Niliingia kazi hii enzi za tume ya mipaka ya Andrew Ligale, kijana wa kubeba ramani za wakubwa, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba maneno yanayobeba uzito wote hayakufafanuliwa. "Sehemu zenye watu wachache" ni zipi? Wachache kuliko nani? Kifungu cha 89 hakisemi. "Jiji" je? Nakuru ilitangazwa jiji Desemba 2021 na Eldoret Agosti 2024, watu wakacheza barabarani. Hakuna aliyewaambia kwamba kuwa jiji kunakutoa kwenye kikomo cha asilimia 30 na kukuingiza kwenye cha 40, yaani sasa unaruhusiwa kurundikwa watu 229,621 badala ya 213,220 kabla mtu hajavunja sheria. Ukitumia mlango huohuo kwa upande wa chini, unaweza pia kupata eneobunge dogo zaidi. Itategemea nani ameshika kalamu.

Halafu kuna "maslahi ya pamoja ya jamii, na uhusiano wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni", ambayo tume inatakiwa kuyazingatia. Lugha safi sana. Kwenye baraza moja mzee alisimama, akatazama ramani yetu iliyofuata mto kwa ustadi mkubwa, akasema: "Vijana, mto huu hautugawanyi. Sisi huoana kuvuka mto. Tunaogawanyika nao ni wale wa mlima, na wapo upande wetu huu." Watu wakacheka, wakubwa wetu wakaandika "maslahi ya pamoja" kwenye daftari. Kila mtu mle ndani alijua neno halisi ni kabila. Sijawahi kuamua kama tulifanya haki siku ile. Ukifuata mto, unaacha ukoo mmoja bila mwakilishi miaka mingi. Ukifuata ukoo, unachora eneobunge ambalo mshindi wake anajulikana kabla ya kura ya kwanza.

Na msingi wa yote ni sensa, ambayo nayo si maandiko matakatifu. Baada ya ile ya 2009, Wycliffe Oparanya, waziri wa mipango wakati huo, alifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini na suala likaishia mahakamani. Ukitilia shaka sensa, umetilia shaka kipimo, na kila asilimia niliyokutajia hapo juu inaanza kutikisika. Mimi huzitumia hata hivyo. Sina nyingine.

Viti vingine nitavipitia haraka. Wawakilishi wa wanawake ni 47, mmoja kwa kaunti, na huchaguliwa na wapigakura wote; ndugu yangu uliyeniuliza kama wanaume wanaruhusiwa kumpigia kura, ruhusa unayo tangu 2013. Seneti haijali idadi ya watu hata kidogo: Nairobi seneta mmoja wa kuchaguliwa, Lamu mmoja, ingawa sisi ni mara 30 yao. Hiyo ni makusudi, kaunti ndizo zinazowakilishwa pale.

Wale 12 wa kuteuliwa katika Bunge la Kitaifa hawateuliwi na Rais. Hilo liliisha zamani, bado linazungumzwa kama habari ya jana. Vyama hupeleka orodha kwa tume kabla ya uchaguzi, majina yakipishana mwanamume na mwanamke, na nafasi hugawanywa kwa vyama baada ya kura. Lakini kwa uwiano gani? Si wa kura. Ni wa viti ambavyo chama kimeshinda. Chama kinaweza kuwa cha pili katika maeneobunge mia moja, kikakusanya kura za mamilioni, na kisipate hata mteule mmoja kwa kuwa hakikushinda kiti. Watu huita huu mfumo wa uwiano. Mimi huuona kama zawadi ya ziada kwa aliyeshinda tayari, na sijaelewa kwa nini hauwakeri wengi kama unavyonikera.

Kuhusu lini mipaka itaguswa: Katiba inataka ukaguzi kila baada ya miaka isiyopungua minane wala kuzidi 12. Hesabu kutoka Machi 2012. Muda ulipita Machi 2024, wakati tume haikuwa na kamishna hata mmoja. Na ukaguzi usipokamilika angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, mipaka mipya haitumiki kwenye uchaguzi huo. Chukua uchaguzi wa Agosti 2027, toa mwaka, uone kilichobaki.

Nilimweleza shemeji haya yote, kwa ufupi zaidi, huku upande wa pili wa kichwa ukinyolewa. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha nikamuuliza swali ambalo huwa nawauliza Wanairobi wote wanaolalamikia viti: usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, sensa ilikukuta wapi?

Akacheka. "Ocha. Mheshimiwa wetu wa huko alikodi matatu tatu kutoka hapa Githurai. Chakula juu yake. Alisema tukahesabiwe nyumbani, la sivyo kaunti itapungukiwa."

"Na mmeishi Zimmerman miaka mingapi?"

"Kumi na minne." Akanyamaza kidogo, akihesabu viti vya matatu, nadhani. "Sensa nyingine ni lini, shem?"

"2029."

"Na wewe unaweza kukodi matatu?"