Tone Lilelile, Mshiko Tofauti: Nyuso za Kuteleza Zinazoitikia Joto

Mtu akisikia kwamba kuna uso unaobadili namna unavyolowa kwa joto, hudhani maji hutandaa pakiwa na joto na kujikunja pakiwa na baridi, au kinyume chake. Kwenye nyuso zilizoloweshwa nta sivyo. Tone hubaki limejikunja, pembe yake ya mguso (pembe kati ya ubavu wa tone na uso lililokalia) ikizidi nyuzi 90 katika hali zote mbili. Kinachobadilika ni mshiko: nta ikiyeyuka tone huteleza, ikiganda tone hunasa, hata ukiusimamisha uso wima. Ukipima pembe peke yake utasema jaribio limeshindwa, kumbe limefaulu.

Nyuso za kuteleza zenye kilainishi zilielezwa mwaka 2011 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walioiga mmea wa Nepenthes. Ukingo wa mtungi wa mmea huo hushika utando wa maji, na mdudu akiukanyaga hutumbukia ndani. Watafiti waliweka mafuta mahali pa maji. Tone likitua, chini yake halikuti kitu kigumu cha kujishikiza bali kimiminika, kwa hiyo mwinamo wa nyuzi chache tu hulitosha kuondoka.

Ili joto litawale, mafuta hubadilishwa na parafini, yaani nta, si mafuta ya taa. Oktadekani huyeyuka karibu na nyuzijoto 28 za Selsiasi, eikosani karibu na 37. Chagua parafini safi ya aina moja. Nta ya mishumaa ni mchanganyiko wa nyingi, hulainika polepole katika nyuzijoto kadhaa, na hutapata mpaka ulio wazi kati ya kunasa na kuteleza.

Njia nyepesi ni kutumia mpira wa silikoni. Changanya kwa uzito sehemu 10 za silikoni na 1 ya kigumishi, ondoa mapovu, kisha oka kwa nyuzijoto 70 hadi ukauke kabisa. Uzamishe usiku kucha katika eikosani iliyoyeyushwa kwa chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, nyuzijoto 60 hivi. Usiweke nta moja kwa moja juu ya moto, kwani mvuke wake huwaka. Mpira utavimba kwa kuinywa. Ukiutoa, usimamishe wima kungali na joto hilohilo ili ziada ichuruzike, ndipo uuache upoe.

Ukitumia kioo kilichochimbwa vinyweleo badala ya mpira, kwanza kipake sileni, kemikali ya silikoni ya kukifanya kikatae maji. Kioo kitupu hupenda maji kuliko nta. Nta ikiyeyuka, maji hupenya chini yake, huisukuma kando na kukamata kioo. Kosa hili ndilo huharibu kazi nyingi. Kuhusu kiasi, mikrolita 1 kwa kila sentimita ya mraba hufanya tabaka la mikromita 10, mbali na ile inayojaza vinyweleo.

Wakati wa kupima, kipimajoto cha jiko la maabara husoma sahani, wala si uso wenyewe. Tena tone baridi likidondoshwa juu ya nta iliyoyeyuka hivi punde huigandisha palepale lilipotua, nalo hunasa. Hata tone lililopashwa moto hupoa kadiri linavyotoa mvuke. Pasha uso nyuzijoto 5 au zaidi juu ya kiwango cha kuyeyuka, pasha na maji, kisha inamisha.

Kilainishi nacho hupungua. Kila tone linaloteleza huinua ukingo mdogo wa mafuta kulizunguka na kuondoka na sehemu yake. Mafuta ya silikoni huenda mbali zaidi: mvutano wa uso wake (nguvu inayofanya uso wa kimiminika ujikaze) ni kama milinewtoni 20 kwa mita, wa maji 72, hivyo hupanda na kulifunika tone lote. Mpira ulioshiba hustahimili zaidi kuliko vinyweleo vya kioo, maana akiba iliyo ndani hupanda juu kila unapopashwa moto. Tone likianza kuacha mkia nyuma yake, akiba imekwisha: rudisha mpira kwenye nta.