Asiyefuata Ukristo si lazima awe anakimbia amri

Husemwa mara nyingi kwamba anayekataa Ukristo anataka tu uhuru wa kutenda dhambi, au hajaisikia Injili vizuri. Wapo wa namna hiyo, lakini maelezo hayo hayatoshi hata kidogo. Mwislamu anamheshimu Isa kama nabii; anachokataa ni kumwita Mwana wa Mungu. Tena ana swala tano kwa siku na mwezi mzima wa kufunga, kwa hiyo hoja ya kukwepa amri inaanguka papo hapo. Myahudi naye, kwa jinsi anavyowasoma manabii, anaona Masihi bado hajaja.

Wengine wamelelewa humo humo kanisani. Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza wa nadharia ya mageuko ya viumbe, alipelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge ili aje kuwa kasisi. Imani yake ilififia polepole, na mwaka 1879 aliandika kwamba mara nyingi msimamo wake ulikuwa wa mtu asiyejua kama Mungu yupo. Miongoni mwa yaliyomsumbua ni mateso ya viumbe. Swali hilo, la Mungu mwema na maumivu mengi kiasi hiki, nadhani limewatoa watu wengi zaidi kanisani kuliko pombe. Na wapo walioumizwa na viongozi wao wa dini, wakaondoka kimya kimya.