Mfupa Bila Tabaka Lake: Tunayopaswa Kujua Kuhusu Mapango Yetu

Fuvu la kale likitolewa ardhini bila kuandikwa lilikokuwa, nusu ya habari yake imepotea. Umri wake hupimwa kwa vitu lililolala navyo: udongo, makaa, majivu, mawe yaliyoungua.

Jebel Irhoud, Moroko, inaonesha hasara hiyo. Mwaka 1961 wachimba madini walikuta fuvu la mtu, likaondolewa kabla tabaka lake halijapimwa. Kwa miaka mingi likakadiriwa kuwa la miaka kama 40,000. Wataalamu waliorudi mwaka 2004 wakakuta kipande cha udongo kisichoguswa, chenye mifupa mingine na mawe ya gumegume yaliyoungua. Moto hufuta nishati iliyojikusanya ndani ya jiwe, kisha ikaanza kujaa upya. Kiasi kilichojaa ndicho kinachotoa umri. Jibu lililotangazwa mwaka 2017 lilikuwa takriban miaka 300,000. Wazo lililozoeleka, kwamba binadamu wa aina yetu alianzia Afrika Mashariki miaka kama 200,000 iliyopita, likatikisika.

Pwani yetu nayo imo. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, mifupa ya mtoto wa miaka kama mitatu ilikuwa imeoza mno hata haikuweza kuokotwa mmojammoja. Ikafungwa kwa plasta pamoja na udongo wake, bonge zima likapelekwa maabara. Ndipo ilipojulikana kwamba mtoto alizikwa makusudi, kalazwa ubavu na magoti yamekunjwa, miaka 78,000 iliyopita.

Kwetu Unguja pango lenye kumbukumbu ndefu kuliko yote ni Kuumbi, Jambiani. Limechimbwa na timu mbalimbali tangu 2005. Tabaka za chini zina zana za mawe na mifupa ya punda milia na nyati, wanyama wasiokuwepo kisiwani leo. Enzi ya barafu bahari ilishuka mita kama 120, na mkondo kati yetu na bara, usio na kina kikubwa, ukawa nchi kavu. Maji yaliporudi juu, kisiwa kikakatika na wanyama wakubwa wakatoweka baadaye. Ripoti za mwanzo zilitaja pia mifugo ya zamani sana. Uchimbaji wa mwaka 2012 haukuithibitisha.

Tofauti kama hizo zina sababu zake. Kaa na panya huchimba mashimo, mizizi hupasua tabaka, na kipande cha mkaa cha juzi kikadondoka hadi kwenye mifupa ya kale. Kwa kipimo cha kaboni 14, kinachohesabu kaboni inayopungua tangu kiumbe kife, kome na chaza hutoa umri mkubwa kuliko wao wenyewe, kwa sababu bahari ina kaboni iliyochakaa. Konokono wa nchi kavu wanaoishi kwenye mwamba wa chokaa hali kadhalika. Mifupa nayo, kwa joto letu, hupoteza protini inayohitajika kwa kipimo hicho, ambacho hata hivyo hakivuki miaka kama 50,000.

Jiwe la chokaa la maweni huihifadhi mifupa vizuri. Bahati mbaya ndilo tunalovunja kwa ujenzi na kuchoma chokaa. Ukikutana na mifupa au mawe yaliyochongwa, simamisha kazi. Usiyang'oe. Piga picha kabla ya jambo lolote, uweke rula au hata kalamu kando ili ukubwa ujulikane, kisha pima kina kutoka usawa wa juu wa ardhi. Funika kwa makuti: mfupa uliokaa na unyevu ukipigwa jua ghafla hupasuka. Usiuoshe wala kuupaka gundi au vanishi, kwani kaboni ya gundi huingia kwenye kipimo. Mwarifu sheha, naye afikishe habari kwa wahusika wa mambo ya kale. Pango likiwa la mizimu, kama Kuumbi, wazee wanaolitunza washirikishwe tangu mwanzo.

Pemba ni suala jingine kabisa, na kwa maoni yetu ndilo zito zaidi. Mkondo wake na bara una kina cha mamia ya mita, haukukauka hata bahari ilipokuwa chini kabisa. Zana za mawe za miaka 20,000 zikipatikana Pemba ndani ya tabaka lisilovurugwa, zitamaanisha watu walivuka bahari kwa vyombo wakati huo. Zikipatikana ndani ya kifusi cha machimbo, hazitathibitisha kitu.